Kovu Litabaki, Sista?

Mama aliyeleta mtoto mwenye mdomo sungura, kijana aliyeungua kwa petroli, binti aliyetaka ndewe zake zilizochanika zishonwe kabla ya harusi, wote waliniuliza maswali yale yale. Itauma? Nitalala hapa siku ngapi? Kovu litabaki? Nitarudi lini shambani, au dukani, au darasani? Nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji mjini Moshi tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu, na majibu nilikuwa nayo tayari. Niliyapokea kwa sista mkuu, naye aliyapokea kwa waliomtangulia. Nilipostaafu ndipo nilipoanza kusoma yalikotoka, na nilichokikuta kimenigusa sana. Hakuna hata jibu moja lililoanzia kichwani mwa daktari peke yake. Kila moja lina mgonjwa aliyeligharimia kwa ngozi yake, na wagonjwa hao hawatajwi. Nawaandika hapa baadhi yao.

Nianze na maumivu, maana ndiyo hutangulia. Sisi tulijibu, "Utapigwa nusu kaputi, hutasikia kitu. Ukiamka tutakupa sindano." Jibu hilo halijatimiza hata miaka mia mbili. Huko India, tangu kale, watu walikatwa pua kwa adhabu, na kwa sababu hiyo waganga wa huko wakawa mafundi wa kutengeneza pua karne nyingi kabla ya wengine. Kitabu cha Kisanskriti kinachohusishwa na mganga Sushruta kinaeleza namna ya kukata ngozi ya shavu na kuigeuza iwe pua. Mwaka 1794 jarida moja la London lilichapisha barua kuhusu Cowasjee, Mmaratha aliyekuwa akiswaga ng'ombe wa mizigo wa jeshi la Waingereza. Katika vita vya 1792 alitekwa na askari wa Tipu Sultan, wakamkata pua na mkono mmoja. Alikaa zaidi ya mwaka mzima hivyo, kisha akatengenezewa pua nyingine karibu na Poona. Fundi alikata kipande chembamba cha nta kwa kipimo cha pua, akakilaza kwenye paji la uso, akachora kukizunguka, akaichuna ngozi ile huku akiacha kishikio kidogo katikati ya macho ili damu iendelee kupita, kisha akaigeuza ikaangalia chini.

Barua ile haikuishia kwenye kisu. Inasema mgonjwa alazwe chali siku tano au sita, siku ya kumi awekewe vitambaa laini puani ili matundu yasizibe, na kile kishikio kikatwe karibu na siku ya 25. Nilipoisoma nilisimama hapo. Hayo ni maelekezo ya wodini hasa, ya aina ile tuliyoandikiana sisi wauguzi tulipopokezana zamu. Na nyuma yake yupo mtu aliyelala chali uso mzima ukimwaka, bila dawa ya kumlaza wala sindano ya ganzi. Joseph Carpue wa London alizisoma habari hizo, akajizoeza kwa maiti miaka mingi, na tarehe 23 Oktoba 1814 akampasua afisa wa jeshi aliyepoteza pua. Afisa yule naye alikuwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Etha, dawa ya kumlaza mgonjwa, ilionyeshwa hadharani Boston na William Morton mnamo Oktoba 1846, na lidokaini, ile ganzi tuliyoitumia kila siku kushona ndewe, ilitengenezwa Sweden mwaka 1943. Wote waliopasuliwa kabla ya etha waliingia kisuni wakijua kitakachowapata. Siwezi kumwita yeyote kati yao mtu wa kupenda makuu.

Swali la siku za kulala nalo lilikuwa zito kuliko tunavyolibeba leo. Gaspare Tagliacozzi wa Bologna, katika kitabu chake cha 1597, alitumia ngozi ya mkono kutengeneza pua. Mkono ulifungwa kichwani kwa mikanda, mgonjwa akakaa hivyo wiki mbili tatu, akila na kulala na kujisaidia kwa msaada wa watu, mpaka ngozi ishike usoni. Nikikumbuka wagonjwa waliolalamika juu ya bendeji ya siku saba, nawaelewa, lakini pia nawafikiria wale wa Bologna.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoujenga upasuaji huu kama tunavyoujua. Wanajeshi waliishi kwenye mahandaki, kichwa kikawa ndicho kinachochungulia, na vipande vya mizinga vilichukua taya, pua na midomo. Harold Gillies, daktari aliyezaliwa Dunedin, New Zealand, aliwapokea kwanza Aldershot mwaka 1916, na mwaka 1917 ikafunguliwa hospitali yao huko Sidcup, kusini-mashariki ya London. Zaidi ya wanaume 5,000 walipita pale, na upasuaji uliofanyika ulizidi 11,000. Gawanyeni hesabu hiyo muone: kwa wastani kila mtu alilazwa mezani mara mbili, na wengine mara nyingi zaidi ya hapo. Vioo viliondolewa wodini. Barabara ya kutoka hospitali kwenda mjini iliwekewa mabenchi ya rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba anayeketi hapo anaweza kuwa na uso wa kuwashtua.

Tarehe 3 Oktoba 1917 Gillies alimpasua baharia Willie Vicarage, aliyeungua vibaya katika vita vya baharini vya Jutland. Alipoinua ngozi ya kifuani kuipeleka usoni, aliona kingo zake zikijikunja zenyewe kuelekea ndani. Akazishona zikawa bomba. Bomba lile lililinda mishipa ya damu na kufunika nyama mbichi isipate uchafu, jambo kubwa mno kwa sababu penisilini haikuwa imegunduliwa bado. Baada ya hapo ngozi iliweza kuhamishwa hatua kwa hatua, mwisho mmoja ukishikamana huku mwingine ukisogezwa, mpaka ifike inakotakiwa.

Lakini wa Sidcup ninayemfikiria zaidi ni Henry Lumley. Alikuwa rubani kijana ambaye ndege yake ilianguka mwaka 1916, akaungua uso wote. Alifika kwa Gillies akiwa amechoka kwa maumivu na kwa dawa za maumivu. Februari 1918 Gillies alichuna ngozi ya kifuani yenye ukubwa wa uso mzima, akaiweka yote kwa mkupuo. Ngozi ikaoza, kidonda cha kifuani nacho kikaharibika, na mwezi uliofuata Lumley akafariki, akiwa na miaka 26. Kuanzia hapo Gillies alishika kanuni ya kungoja: apasue sehemu ndogo, ampe mgonjwa miezi ya kupata nguvu, kisha aendelee. Wagonjwa wangu waliniuliza mara nyingi, "Mbona daktari asimalize yote siku moja, nauli yenyewe ni ya kukopa?" Leo wanaotaka kupunguza tumbo, kuinua matiti na kunyonya mafuta ya mapaja kwa pamoja wanauliza vivyo hivyo. Jibu la Lumley ni kwamba mwili una kiasi chake cha majeraha unachoweza kuponya kwa wakati mmoja, na kadiri mtu anavyokaa mezani kwa saa nyingi ndivyo hatari ya damu kuganda miguuni na ya vijidudu inavyopanda.

Miaka ishirini baadaye binamu yake Gillies, Archibald McIndoe, mzaliwa wa Dunedin vilevile, alianza kazi East Grinstead, kusini mwa Uingereza. Wagonjwa wake walikuwa marubani wa vita vya pili vya dunia walioungua ndani ya ndege. Wakati ule majeraha ya moto yalipakwa asidi ya taniki, ikakauka ikawa gamba gumu, na vidole vikashikamana chini yake visifanye kazi tena. McIndoe na wenzake waliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Kwa hiyo akaacha asidi ile, akawatumbukiza wagonjwa katika maji ya chumvi ya uvuguvugu. Sisi Moshi tulichemsha maji, tukatia chumvi kwa kipimo, tukaloweka bendeji zilizoganda hadi ziachie zenyewe. Mtoto aliyekuwa akipiga kelele mlangoni alinyamaza maji yalipomfikia. Nilifanya hivyo miaka mingi bila kujua kwamba walionifundisha ni vijana waliolipukiwa angani wakaokolewa na bahari.

Marubani hao waliunda chama chao mwaka 1941, wakajiita kwa jina la wanyama wadogo wa majaribio wa maabara, maana walijua kuwa madaktari walikuwa wakijifunza juu yao. Wanachama walifika 649. McIndoe hakuwaficha. Aliwaombea nyumba za watu mjini, wakaalikwa kula, wakaenda dansi na sinema, mpaka East Grinstead ikazoea kuwatazama usoni bila kugeuka. Hilo ndilo jibu la swali ambalo wagonjwa huliuliza kwa sauti ndogo, mara nyingi usiku zamu ikiwa imetulia: watu wataniangaliaje? Kisu hakilijibu. Hujibiwa na jirani, mwalimu, mchumba, kondakta wa daladala. Mimi nilikuwa nikimwita shangazi au mama wa mgonjwa kabla bendeji hazijafunguliwa, nikamweleza atakachokiona, nikamsihi asilie mbele ya mtoto.

Na hapa habari inafika nyumbani kwetu. McIndoe alikuwa na shamba Tanganyika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1956 alikutana huko na Michael Wood, daktari aliyefundishwa naye East Grinstead na aliyekuwa akifanya kazi Afrika Mashariki, pamoja na Tom Rees, Mmarekani wa upasuaji rekebishi kutoka New York. Walizungumza juu ya watu wa vijijini waliokuwa mbali na daktari yeyote, na mwaka 1957 ikazaliwa huduma ya madaktari wa ndege ambayo ndiyo AMREF ya leo. Wood alijifunza kurusha ndege mwenyewe. Wengi wanaijua AMREF kwa chanjo, kwa redio na kwa kusafirisha majeruhi, wala hawajui kwamba waasisi wake wote watatu walikuwa mafundi wa ngozi na nyuso. Mimi jambo hilo linanipa fahari, kwa sababu nimeishi chini ya mlima huo huo.

Waliokuja kwetu hawakuwa marubani. Walikuwa watu wenye kifafa walioangukia mafiga, watoto waliomwagiwa uji, wanawake waliomwagiwa asidi, wazee waliotobolewa na kurefushwa masikio ujanani, ambao sasa walitaka yashonwe kwa sababu wajukuu wanayacheka. Na wote waliuliza juu ya kovu.

Hili ndilo swali nililojibu kwa uangalifu kuliko yote. Jean-Louis Alibert, daktari wa ngozi wa Paris, alieleza mwanzoni mwa karne ya 19, mwaka 1806, kovu linalokua likapita mipaka ya kidonda, ambalo tunaliita keloidi. Linawapata watu weusi mara nyingi kuliko weupe, hasa kwenye ndewe, kifuani, mabegani na chini ya taya. Ukilikata tu bila kufanya kingine, mara nyingi hurudi, na pengine hurudi kubwa zaidi. Ndiyo maana baada ya kukata huchomwa sindano za steroidi, hubanwa kwa kifaa, hubandikwa karatasi ya silikoni, na mgonjwa hufuatiliwa miezi mingi. Vitabu tulivyosomea vilikuwa na picha za ngozi nyeupe. Vilisema kovu jipya huwa jekundu kisha hufifia, nami nikimtazama mgonjwa wangu naona kovu la zambarau linalogeuka jeusi tititi kabla ya kutulia. Tuliwaeleza tulichokiona kwa macho yetu: kovu hubadilika kwa mwaka mzima na zaidi, usilihukumu mwezi wa tatu, likinge na jua, na kama kwenu kuna mtu mwenye makovu ya kuvimba, mwambie daktari kabla hajashika kisu.

Watu wetu waliijua tabia ya kovu kabla ya vitabu hivyo kufika. Wamakonde walichanja chale za uso kwa mpangilio, wanawake wao wakavaa ndonya kwenye mdomo wa juu, na fundi wa chale alijua achanje kwa kina gani na apake nini ili alama iinuke vizuri. Huo nao ulikuwa upasuaji wa urembo, wenye mafundi wake na siku zake za kupona. Bibi mmoja mwenye chale za mashavuni alilazwa kwetu kwa kidonda cha mguu. Akamwambia binti wa kitanda cha jirani, aliyekuwa akililia kovu la shingoni, kwamba yeye alililia kutokuwa nalo. Sikumsahau. Kila kizazi kina kovu linalotamaniwa na kovu linalofichwa, na muuguzi hana haki ya kuamua lipi lina maana.

Ndiyo sababu nachukia dharau inayotupwa kwa wanaokuja "kwa urembo". Mwaka 1896 Jacques Joseph, daktari kijana wa Berlin, alimpasua mtoto wa kiume ambaye masikio yake yaliyochomoza yalimfanya achekwe mpaka asiende shule. Upasuaji ulifaulu, naye akafukuzwa kazi kwenye kliniki ya mifupa, kwa kuwa aligusa mwili usio na ugonjwa. Mwaka 1898 alipunguza pua ya mtu aliyekuwa akijificha na watu, akatoa taarifa kwamba huzuni ya mtu yule imeondoka. Baadaye akajifunza kuingilia ndani ya pua ili kovu lisionekane nje, na vita vilipokuja mikono ile ile ikajenga upya nyuso za askari. Huko Paris, daktari Suzanne Noël aliwapasua wanawake waliohofia kupoteza kazi kwa sababu ya makunyanzi, kwa ganzi tu, wakaondoka siku hiyo hiyo. Alikuwa amelijibu swali la "nitarudi lini kazini" kwa kulichukulia kama swali la chakula. Daktari anayejenga taya ya askari na anayepunguza pua ya karani wamesomea meza moja. Ukuta kati yao tumeujenga sisi.

Tom Rees, yule wa mkutano wa Kilimanjaro, alikuwa maarufu New York kwa kuvuta ngozi za nyuso zilizolegea. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya zaidi ya wagonjwa elfu moja wa upasuaji huo: wavutaji sigara walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara 12 wa kufa kwa ngozi iliyoinuliwa, kuliko wasiovuta. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa inaishi kwa mishipa hiyo tu. Kwa hiyo daktari anapomwambia mgonjwa aache sigara wiki kadhaa kabla na baada ya upasuaji, hamhubirii. Anampa kilichonunuliwa kwa mashavu ya watu wa New York.

Ninaloliogopa leo ni vitu vinavyochomwa au kupachikwa mwilini. Mwishoni mwa karne ya 19 Robert Gersuny wa Vienna alianza kuchoma mafuta ya parafini chini ya ngozi, na mtindo ukaenea Ulaya na Marekani. Gladys Deacon, mrembo aliyekuja kuolewa na Duki wa Marlborough, alichomwa parafini kwenye mwinuko wa pua. Ikateremka, ikauharibu uso wake uliosifiwa. Vinundu vya parafini viliwatokea watu miaka mingi baada ya sindano, na kuviondoa ilikuwa kazi ngumu kwa sababu vimejifuma na nyama. Ninaposikia kuna vyumba vya saluni ambako wasichana wanachomwa vimiminika visivyo na jina makalioni, siku hizi, wakati majibu yameshapatikana kwa bei ile, moyo unaniuma kweli.

Vifuko vya silikoni vilianza Houston mwaka 1962. Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita, alikwenda hospitali ya watu wa kipato kidogo kuondolewa chale za wino kifuani. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow wakamwomba awe wa kwanza kuwekewa vifuko hivyo. Yeye alichokitamani ni masikio yake yarudishwe nyuma, wakakubaliana wafanye vyote. Mwaka 1992 Marekani ilizuia vifuko vya silikoni kwa urembo, ikaviruhusu tena 2006. Mwaka 2010 kampuni ya PIP ya Ufaransa ilikutwa ikijaza vifuko kwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Wanawake waliowekewa walikuwa mamia ya maelfu katika nchi nyingi, mwenye kampuni akahukumiwa kifungo. Wengi wao hawakujua ni kifuko cha kampuni gani kilichomo ndani yao, wakahangaika kutafuta kumbukumbu za zahanati zilizokwisha kufungwa.

Siku hizi huna haja ya kwenda ng'ambo. Upasuaji rekebishi na wa urembo unafanyika katika hospitali zetu za umma, Mloganzila ikiwamo. Mtoto wa marehemu dada yangu anajiandaa kupasuliwa matiti, baada ya kunyonyesha watoto wake watatu. Amenipigia simu jioni nyingi. "Mama mdogo, nitaweza kuendesha gari lini? Mtoto ataniruka kifuani nifanyeje?" Nimemwambia asinyanyue mtoto wala ndoo wiki nne hadi sita, atembee ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, asishtuke uvimbe ukiongezeka siku ya pili na ya tatu, ila uwekundu unaosambaa, homa, shavu la mguu mmoja kuuma au pumzi kukata ni dalili za kurudi hospitali usiku huo huo bila kungoja asubuhi. Nimemwambia amuulize daktari ni nani atakayemwona baada ya upasuaji na kwa namba ipi. Na kama atawekewa kifuko, aombe kadi yenye jina la kampuni na namba ya kifuko, aipige picha, nakala moja anitumie mimi na nyingine ampe mumewe.